Safari ya Bagamoyo: Pa Kula na Pa Kutazama

Kila mwaka watu wengi wa nchi yetu huvuka ziwa Tanganyika, au huzunguka kwa njia ya Rwanda na Burundi, kwenda Dar es Salaam. Huenda kununua vitenge, vyombo vya nyumbani na vipuri vya magari. Hulala Kariakoo, hula Kariakoo, na hurudi na risiti za Kariakoo. Ukiwauliza wameona nini, watakutajia maduka. Kumbe mwendo wa kilometa 70 hivi kutoka hapo, upande wa kaskazini, upo mji mdogo kando ya bahari ambao unatuhusu sisi watu wa mashariki ya Kongo kuliko miji mingi iliyo karibu nasi. Mji huo ni Bagamoyo.

Tuliufikia wakati wa likizo kubwa, sisi pamoja na mama watoto na watoto watatu, tukakaa siku nne. Tangu turudi, wazazi kadhaa wa parokia wametuuliza mambo mawili: huko mtu ale wapi na atazame nini, na je, inafaa kuwapeleka watoto mahali penye kumbukumbu za utumwa? Tunawajibu hapa wote pamoja.

Tuanze na chakula, maana mtoto mwenye njaa hatazami magofu. Mahali pa kwanza pa kwenda, tena asubuhi, ni soko la samaki lililoko pwani, chini ya mji wa kale. Hapo ngalawa na mashua hukaribia mchanga, na wavuvi hushusha walichopata usiku: changu, kolekole, nguru, pweza, ngisi, na dagaa ambao watoto wetu waliwashangilia wakisema, "Ndagala! Ndagala!", ingawa hawa ni wa maji ya chumvi na si wa Tanganyika. Samaki wakubwa huuzwa kwa mnada. Dalali husimama katikati ya watu akitaja bei upesi upesi, kama mtu anayesali litania peke yake, na wanunuzi humjibu kwa kidole au kwa kutikisa kichwa kidogo tu. Mgeni asikune kichwa ovyo mahali hapo. Samaki wadogo huuzwa kwa mafungu, na bei yake hupatana na mfuko wa mwalimu. Kando yake akina mama wameteleka makarai makubwa ya mafuta, nao hukaanga samaki hapo hapo, moshi ukipanda hadi kwenye kuta za nyumba za kale.

Wako pia mama lishe. Ndilo jina waitwalo wanawake wanaopika chakula na kukiuza penye kivuli. Zamani waliitwa mama ntilie, yaani, "mama, nitilie chakula". Nyumba zao ni kama malewa za kwetu: mabenchi, meza yenye kitambaa cha plastiki, ndoo ya maji ya kunawa mikono. Sisi tulikula kwa mmoja wao siku zote nne, wala hatukuona sababu ya kuhama. Alitupa wali wa nazi, changu wa kukaanga, maharagwe yaliyoungwa kwa tui, mchicha, na pilipili iliyotiwa ndimu ambayo iliwatoa watoto machozi na bado wakaiomba tena. Siku ya tatu alitupikia samaki wa kupaka, yaani samaki aliyechomwa juu ya makaa huku akipakwa tui zito la nazi lenye viungo. Kwa maoni yetu, hicho ndicho chakula ambacho mtu asikose kukionja katika pwani yote. Uagize mapema, kwa kuwa hakipikwi kwa haraka.

Ziko pia hoteli nzuri za wageni zenye bustani kando ya bahari. Tuliingia moja, tukanywa chai, tukalipa bei ambayo kwa mama lishe ingewashibisha watu watano. Upepo ulikuwa mzuri. Lakini upepo ule ule uko sokoni bure.

Hapa inafaa tuseme jambo la lugha, maana wengi wetu hudhani kwamba kwa kuwa tunasema Kiswahili tutaagiza chakula bila taabu. Kwetu neno moja, mchele, hutumika hata kwa chakula kilichokwisha iva. Huko, ukiomba sahani ya mchele, utatazamwa kwa mshangao; kilichoiva ni wali. Sombe yetu huitwa kisamvu. Lengalenga ni mchicha. Ukiomba ugali utaulizwa, "Sembe au dona?", maana wana unga wa mahindi yaliyokobolewa na unga wa mahindi yasiyokobolewa, na ugali wetu wa muhogo si chakula cha kila meza. Mawese usiyatafute. Kazi yote ambayo mawese hufanya katika nyungu zetu, huko hufanywa na nazi. Mama watoto na yule mama lishe walishindana jambo hili karibu saa nzima. "Dada yangu," alisema mama lishe, "kisamvu bila tui ni majani ya mbuzi." Mama watoto akajibu, "Na sombe bila mawese, mama, ni dawa ya tumbo." Wakacheka, kisha kila mmoja akaeleza namna yake ya kutwanga, na chakula chetu kikapoa.

Tena, neno hoteli lisiwatishe. Pwani, hoteli huweza kuwa chumba kimoja chenye chai, chapati na maandazi, wala hakuna kitanda ndani yake. Asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, utafute vitumbua, yaani vikate vya mchele vilivyokaangwa vikiwa vya moto. Mchana, dafu moja hukata kiu kuliko chupa mbili za soda. Jioni, wauza kahawa hukaa barabarani na birika la makaa, na kikombe kidogo cha kahawa chungu huliwa pamoja na kashata ya njugu au ya nazi. Giza likiingia, huanza supu ya pweza. Hii wazee huisifu kwa sababu ambazo hatuwezi kuzieleza katika gazeti la familia, lakini ni supu safi, na watoto huinywa vile vile.

Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi na Wakristu wachache wanaoishi pamoja kwa adabu. Ukifika katika mwezi wa Ramadhani, migahawa mingi hufungwa mchana, na si heshima kutembea ukitafuna barabarani. Mama avae kitenge chake cha kawaida, na hapo amekwisha kupendeza. Kabla ya yote, wafundisheni watoto kuamkia. Kwetu hutosha kusema jambo. Huko mtoto asiyemwambia mzee "Shikamoo" huonekana hakulelewa, na mzee hujibu "Marahaba" kwa furaha hata kama alikuwa na hasira. Wetu walijifunza ndani ya basi. Walipofika walikuwa wakimwamkia kila mtu, hata vijana wa pikipiki, ambao walifurahi mno.

Mji wa kale huzungukwa kwa miguu. Barabara yake kuu huitwa Mtaa wa India, kwa ajili ya wafanyabiashara Wahindi waliokaa hapo. Nyumba ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Nyingi zimebomoka, paa zimeanguka, na miti imeota ndani ya vyumba. Milango ya mbao iliyochorwa kwa patasi bado inasimama mahali pengine, mizuri kuliko ukuta unaoishikilia, na mafundi wa kuchonga milango ya namna hiyo wako hata leo. Vijana wanaopenda ngoma na michezo ya kuigiza watazame chuo cha sanaa cha serikali, ambacho kimekuwa hapo tangu mwaka 1981. Liko Boma la Wajerumani, la mwaka 1897. Lakini mwaka huo Bagamoyo haikuwa tena makao makuu ya koloni lao, maana walikwisha yahamishia Dar es Salaam mwaka 1891, na tangu hapo mji huu umetulia kama mzee aliyeachiwa nyumba. Karibu na bahari pameonyeshwa mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga watu waliopinga utawala wao, wakati wa vita vya Bushiri bin Salim vya 1888 na 1889. Tulisali hapo kimya, kila mtu kwa nafsi yake.

Kwa kuwa tunasema habari za kula, tusiisahau karamu moja ya Bagamoyo. Mnamo Desemba 1889 Stanley alifika hapa akitoka kwetu. Alikuwa amepanda mto Kongo na kupita msitu wa Ituri, ambamo watu wake wengi sana walikufa kwa njaa na maradhi, ili kumtafuta mtawala mmoja aliyeitwa Emin Pasha. Wajerumani wakawaandalia karamu kubwa. Usiku ule ule Emin Pasha, ambaye macho yake yalikuwa dhaifu, alianguka kutoka dirisha la ghorofa akaumia vibaya kichwani. Alipona. Mwaka 1892 akauawa mashariki ya Kongo, alikokuwa amerudi. Mtoto wetu wa kiume hakutaka habari nyingine yoyote siku ile ila hiyo ya dirisha.

Iko pia ile iliyokuwa kambi ya misafara, ambayo leo ina makumbusho madogo. Ukilipa kiingilio hapa au mahali pengine, omba risiti, na uulize bei kabla ya kufuata kiongozi yeyote. Hapa ndipo walipofikia wapagazi wenye kutoka Tabora, Ujiji, na ng'ambo ya ziwa, kutoka Kasongo na Nyangwe. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 na zaidi. Watu husema kwamba jina la mji latokana na "bwaga moyo". Wengine hulifasiri kama neno la mpagazi aliyefika: tua mzigo, pumzisha moyo. Wengine hulifasiri kama kilio cha mtumwa anayepelekwa baharini: uache moyo wako hapa, kwa kuwa mwili hautarudi. Wageni hupenda ile ya pili, na viongozi wa wageni wamelijua hilo. Sisi twaona ya kwanza ina nguvu zaidi, maana biashara kubwa ya Bagamoyo ilikuwa pembe za ndovu, na sehemu kubwa ya wapagazi walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi, waliofanya kazi kwa ujira na kurudi kwao. Kusema hivyo si kupunguza dhambi ya utumwa. Watumwa walipita hapa kwa kweli, wakavushwa kwenda Zanzibar, na soko lao huko halikufungwa hadi mwaka 1873. Lakini mtu aliyelipwa kwa jasho lake naye ana haki ya kukumbukwa jinsi alivyokuwa.

Sasa tuwajibu wazazi. Ndiyo, wapelekeni watoto, lakini msiwapeleke kabla ya kuwaambia habari yote. Wengi wetu tumefundishwa shuleni kwamba Waarabu walikuja, wakateka, wakauza, basi. Habari hiyo ni nusu. Waarabu na Waswahili wachache kutoka pwani wasingaliweza peke yao kuishika nchi yote toka Tanganyika hadi Lualaba. Tippu Tip mwenyewe alihitaji watu wa bara, na walioshika bunduki zake na za wenzake walikuwa vijana wa bara: kwanza Wanyamwezi na wengine, kisha Wamanyema wenyewe. Wengi wao walitekwa utotoni, wakakua vitani, nao wakateka watoto wa wengine. Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone aliona kwa macho yake sokoni Nyangwe jinsi watu wa wafanyabiashara walivyowapiga risasi wanawake waliokuja kuuza na kununua, na mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Watu waliofuata misafara hiyo walijiita Waungwana, maana yake watu huru. Wazee wetu waliiita lugha yao Kingwana. Ni lugha hiyo iliyopanda njia ya Bagamoyo, ikavuka ziwa, ikashuka Lualaba. Na lugha hiyo, ikiisha kusafishwa kidogo shuleni na kanisani, ndiyo tunayosali nayo na ndiyo mnayosoma sasa.

Binti yetu mkubwa, mwenye miaka kumi na mmoja, alisimama katika ua wa ile kambi akitazama picha ya watu waliofungwa shingo. Akauliza, "Baba, sisi tulikuwa upande gani?" Tukamjibu, "Pande zote mbili." Hakupenda jibu hilo. Akataka kujua juu ya babu yake babu yetu. Tukamwambia kwamba koo nyingi za kwetu zilinyamaza kwa makusudi, waliouzwa kwa aibu na waliouza kwa aibu, hata wajukuu wakarithi ukimya tu. Alikaa kimya mpaka chakula cha mchana. Mama watoto alituambia baadaye kwamba tungalingoja akue. Sisi hatuoni hivyo. Mtoto anayefundishwa kuungama dhambi zake mwenyewe anaweza kusikia kwamba taifa lake pia lina za kwake. Tena ni heri azisikie kwa baba yake kuliko kwa mtu mwenye kuzitumia kwa kumdharau.

Kwa Mkristu mkatoliki, sehemu kubwa ya safari hii ni misheni. Njia ya kuingilia ina miembe mikubwa pande zote mbili, iliyopandwa na wamisionari wa zamani, na hata saa sita mchana utatembea kivulini. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868 wakitoka Zanzibar, na karibu na bahari uko msalaba wa kukumbuka siku hizo. Waliwakomboa watumwa, hasa watoto, wakajenga kijiji chao, shule, mashamba na karakana. Maisha yalifuata kengele: sala, darasa, jembe. Si wote waliopenda kukaa. Wengine walitoroka, na hatuwalaumu, maana mtu aliyeuzwa mara nyingi haamini upesi kwamba safari hii hakununuliwa. Wakati wa vita vya Bushiri maelfu ya watu walikimbilia katika viwanja vya misheni hiyo, Waislamu na wapagani na Wakristu.

Makumbusho ya misheni yamo katika nyumba ya zamani ya masista. Yatazameni polepole. Karibu yake uko mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina. Kijana mmoja aliyejitolea kutuongoza alituambia kwamba watumwa walifungwa hapo, akatikisa kichwa kwa huzuni, na wageni wengine wawili wakapiga picha. Lakini habari ya misheni yenyewe ni nyingine. Mama mmoja Mfaransa, Bibi Chevalier, aliyehudumia wagonjwa hapo, alitia mnyororo ule ili amfunge punda wake. Mti ukakua, ukaumeza mnyororo. Tuliona huruma kumwumbua kijana yule mbele ya watu, tukamwuliza pembeni. Akacheka, akasema, "Mwalimu, punda halipi." Tumempa alama kwa ukweli huo.

Mnara wa kanisa la kwanza bado umesimama. Tarehe 24 Februari 1874 mwili wa Livingstone uliletwa hapo. Alikuwa amekufa mwezi wa Mei 1873 katika nchi iitwayo leo Zambia. Watu wake, Susi na Chuma na Jacob Wainwright na wenzao wengi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba miezi tisa kupita katika nchi zenye vita na njaa. Yeye alikuwa Mprotestanti. Mapadri wakampokea, akalala katika mnara wao kabla ya kuvushwa Zanzibar. Mwezi wa Aprili akazikwa Westminster, London, kati ya wafalme. Katika wale wabebaji, ni Wainwright peke yake aliyefika kwenye maziko. Wengine walilipwa ujira wao, wakaachwa pwani. Ukisimama chini ya mnara ule, wakumbuke na hao.

Kanisa kubwa lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Tulisali Misa ya Jumapili humo. Jirani zetu walituazima kitabu cha nyimbo, na tuliona kwamba nyimbo kadhaa tunazijua kwa maneno mengine kidogo. Nyuma yake liko pango la Bikira Maria, tena makaburi ya wamisionari. Yasomeni makaburi hayo, hasa miaka. Wengi hawakufika umri wetu sisi tunaoandika, na sisi bado twaitwa vijana katika baraza la parokia.

Ni kutoka Bagamoyo hii kwamba, mwezi wa Juni 1878, Mapadri Weupe wa kwanza walianza kutembea kuja kwetu. Walikuwa kumi, na wapagazi mamia. Mmoja alikufa kabla ya kufika Tabora. Hapo wakagawanyika, wengine kwenda Uganda, wengine Ujiji, ambako walifika Januari 1879. Miezi saba kwa miguu! Kisha wakavuka ziwa. Mpala wakaipokea mwaka 1885. Na mwaka 1917, huko Baudouinville, iitwayo leo Moba, Stefano Kaoze akapewa upadri, wa kwanza katika Wakongo wa siku zetu. Wanafunzi wetu huyajua majina ya Mpala na Kaoze kwa mtihani. Tuliposimama pwani ile, tukahesabu kilometa zaidi ya elfu moja zilizo kati yake na ziwa letu, hata yule wa darasa la pili aliacha kuuliza saa ya kula.

Wenye nguvu bado waende Kaole, kilometa tano hivi upande wa kusini, penye magofu ya misikiti miwili na makaburi ya Waswahili wa zamani, mengine ya karne ya 13, na mengine yana nguzo ndefu za mawe. Kuna joto, hakuna duka, chukueni maji. Mwenye siku moja tu aiache Kaole, aende soko la samaki asubuhi, misheni kabla ya mchana, mji wa kale jua likipoa. Mwenye siku mbili asile haraka.

Jioni ya mwisho tuliketi kwenye benchi la muuza kahawa. Mzee mmoja mwenye kofia ya mkono alikuwa amekaa hapo kabla yetu. Watoto wakamwamkia kwa pamoja. Akaitika, akawatazama, akauliza tumetoka wapi, maana Kiswahili chetu alikisikia kina njia nyingine. Tukamwambia Kongo, ng'ambo ya Tanganyika.

"Bibi yangu mzaa mama alitoka huko," akasema. "Alikuwa Mmanyema. Aliletwa akiwa mdogo kama huyu." Akamwonyesha kwa kidole yule wa darasa la pili.

Tukamwuliza jina la kijiji. Hakulijua, hata bibi mwenyewe hakulijua. Tukamwuliza jina la ukoo. Hakulijua pia. Akanywa kahawa yake, kisha akasema kwamba lipo neno moja tu alilolikumbuka, maana watoto wa jirani walikuwa wakimcheka bibi kwa ajili yake. Hakusema kisamvu kama watu wote. Alisema sombe.

Mama watoto akaweka kikombe chini. "Shikamoo tena, mzee wangu," akasema. "Je, alikipika kwa nazi, au kwa mawese?"

Mzee akafikiri sana. "Kwa nazi. Mawese angeyapata wapi hapa?" Akamrudishia muuza kahawa kikombe ili amtilie tena. "Lakini kila alipomaliza kula alisema hakikuiva vizuri."